Sehemu ya Pili Aliyoisoma Wifi

Pale kiwandani, chumba cha kumalizia mashati, mwanamke wa kiti cha dirishani walimwita Mashaka, na jina hilo hakupewa na baba wala babu. Alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukimpa pipi, anaigeuza kwanza aone kama karatasi imeshafunguliwa. Ukimwambia mvua inakuja, anatoka nje kuhakikisha. Siku ya harusi yake, alipoulizwa mbele ya watu kama ameridhika na mume huyu, alijibu, "Kwanza yeye amesemaje?" Mumewe anayasimulia hayo mpaka leo kila wakija wageni, na wageni wanavunjika mbavu.

Kazi yake ilikuwa vifungo. Kiwanda chenyewe kidogo, cha sare za shule. Huko ukumbini mashine zilishona shati karibu zima, lakini vifungo, na kupunguza nyuzi zinazoning'inia, na kukagua kola, hayo yalifanywa kwa mkono na wanawake wanne waliozunguka meza moja ndefu. Kila mmoja alifunga bunda lake kwa uzi wa rangi yake, ili shati likirudi na kasoro ijulikane ni la nani. Mashaka alikuwa bluu. Mama Pacha, mwenye mapacha watundu na machozi ya karibu, alikuwa manjano. Bi Harusi alikuwa mwekundu. Huyo aliolewa zamani na sasa ana wajukuu, ila jina lenyewe lilikataa kuzeeka.

Wa nne, mwenye uzi wa kijani, alikuwa wifi yake Mashaka, dada wa mumewe. Ndiye aliyemwingiza pale kazini, na ndiye aliyemfundisha kuzungusha uzi kwenye shingo ya kifungo ili mtoto akikivuta kisichomoke. Aliishi peke yake, chumba cha upande wa pili wa ua wao. Kazini walimwita Mtangazaji kwa sababu ya sauti yake, maana wifi yule alikuwa na sauti, jamani! Akisema "karibu chai" unajiona umealikwa ikulu. Yeye na Mashaka walipendana kama mawifi wapendanavyo, yaani kwa kurushiana maneno asubuhi na kupelekeana mboga jioni.

Sasa, meza ile ilikuwa na desturi yake. Mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine wanashona wakisikiliza, na msomaji hashoni. Mashati yake wanagawana wenzake, wanamshonea, wanayafunga kwa uzi wake. Msimamizi aliruhusu kwa kuwa aliona wakisomewa hawaongei, na wasipoongea wanashona haraka. Usomaji wenyewe ulikuwa wa saa ya mwisho tu, pale vidole vimechoka na kila mtu anatazama mlango.

Hivyo ndivyo walivyosoma kitabu cha mjane wa mwoka mikate. Mume anakutwa amekufa stoo, juu ya magunia ya unga, mlango umefungwa kwa ndani. Mjane anashukiwa. Inspekta anakuja, anakunywa chai, anauliza maswali ya ajabu. Halafu ukurasa wa mwisho kabisa, mjane amekaa peke yake, anasikia mtu anagonga mlango kwa mtindo wa marehemu, yaani gonga mbili, nyamaza, gonga moja. Kwisha! Mwandishi kaandika hapo "mwisho" bila haya. Meza nzima ilimtukana mwandishi yule. Mama Pacha alilia. Mashaka alisema tangu sura ya kwanza alijua marehemu hakufa, na wakamwambia aache uongo, yeye alimshuku hata paka.

Sehemu ya pili ilipotoka, wifi aliinunua yeye mwenyewe, akaivika jalada la kitambaa cha sare isichafuke, akaanza kusoma. Na loo, ilikuwa tamu!

"Huyu mwandishi amenoa kalamu," alisema Bi Harusi. "Cha kwanza kilikuwa kizuri, lakini hiki unanusa nyumba yenyewe. Jana nimesikia ule unga ulivyochacha, nikapiga chafya."

"Mimi naona ananichelewesha," alisema Mama Pacha, leso mkononi. Siku hizi alikuwa anaitoa leso kabla hata kitabu hakijafunguliwa. "Lakini mjane nampenda zaidi. Amekuwa mtu. Kile cha kwanza alikuwa analia tu."

"Wewe ndiye ulikuwa unalia," alisema Mashaka. "Na mimi nasema jirani anayepiga mluzi si mtu mzuri."

"Nani kwako ni mtu mzuri, wifi?" aliuliza Mtangazaji, na wote wakacheka.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka siku msimamizi alipokuja akasimama kwenye kichwa cha meza, mikono mfukoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe hayakuwa matamu. Alisema kazi imepungua, mwisho wa mwezi meza ile itabaki na watu watatu. Atakagua mabunda. Uzi wenye kazi mbaya ndio utakaoondoka.

Alipotoka, wote waligeukia mabunda yao. Mashaka alitazama bunda lake lenye uzi wa bluu, akatazama la kijani pembeni yake, na hapo ndipo mdudu wa shaka alipomwingia sikioni.

Maana fikiria mwenyewe. Zamani wifi alikuwa anasoma saa ya mwisho tu. Tangu sehemu ya pili ianze, amesogeza: kwanza baada ya chakula cha mchana, halafu baada ya chai ya asubuhi, na siku hizi makalio hayajagusa kiti, kitabu kimeshafunguliwa. Nani anamshonea? Mashaka, kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu yake na ndiye mwenye mkono mwepesi. Na Mashaka hajui kushona vibaya hata akitaka. Akimaliza mashati ya wifi, vidole vimekufa ganzi, jua limeshuka, ndipo anayakimbiza ya kwake mwenyewe huku kengele inakaribia kulia. Kwa hiyo bunda la kijani lilikuwa linameremeta kama limetoka dukani, na la bluu, tusifichane, lilikuwa la aibu.

"Ananichimbia kaburi kwa sindano yangu mwenyewe," aliwaza. Nyumbani mume aliendesha lori la kokoto, siku lori likiharibika wanaishi kwa vifungo. Akitoka kwenye meza ile, watoto watakula nini?

Tangu siku hiyo akakaa chonjo. Akaanza kumchunguza wifi yake kama Inspekta, tena bila chai. Na mtu akishatia nia ya kushuku, ushahidi unakuja wenyewe mbio mbio. Wifi siku hizi hakutazami machoni! Ukiongea naye anaangalia sikio lako, au ukuta nyuma yako. Zamani alikuwa anakukazia macho mpaka unasahau ulichotaka kusema. Mtu anayekwepa macho ana nini? Tena kitabu hakitoi. Bi Harusi alikiomba akasome kwake Jumapili, wifi akakikumbatia. "Mtaharibu utamu," alisema, akakitia mkobani. Nguo yake iliyochanika alimpa binti wa Mashaka amshonee, eti mgongo unauma. Mchele hachambui, eti mgongo. Mgongo gani huo unaoweza kukaa kutwa nzima kusoma riwaya?

"Dada yako amevaa miwani ya mbao," Mashaka alimwambia mumewe.

"Kafanya nini tena?"

"Ananigeuza punda."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Bado."

Kilichomwaga mafuta kwenye moto ni fundi wa mashine. Huyu alikuwa mwanamume mrefu, nguo zimejaa grisi, aliyefanya kazi kule ukumbini kwenye kelele, asisikie usomaji wa wanawake. Walikutana bombani wakiosha mikono, na Mashaka akamwona ana kitabu kwenye mfuko wa ovaroli. Jalada lile lile alilowahi kuliona dukani!

"Na wewe unasoma mjane?" aliuliza.

"Nimemaliza jana, na najuta," alisema fundi. "Kitabu gani hicho! Cha kwanza kilinikosesha usingizi, hiki kimenipa. Eti mjane anakufa."

Mashaka akafunga bomba. "Anakufa lini?"

"Ukurasa wa kwanza! Anateleza ngazini, basi. Halafu Inspekta anapanda ndege kwenda kutafuta almasi, risasi huku, risasi kule, mwisho unaambiwa marehemu alikuwa na pacha. Pacha! Mwandishi ametudharau."

"Na jirani anayepiga mluzi?"

"Jirani gani?"

"Na pete iliyokutwa kwenye gunia la unga?"

Fundi alimtazama kama anatazama mashine iliyoanza kutoa moshi. "Dada, wewe umesoma kitabu gani?"

Mashaka akakiazima palepale. Jioni ile alikisoma amekaa kwenye stuli jikoni, sufuria ikaungua, watoto wakala makoko. Fundi hakudanganya. Mjane alikufa kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti. Hakuna mluzi, hakuna pete, hakuna harufu ya unga. Kila siku, tangu mwanzo, wifi alikuwa anafungua kitabu mbele ya watu wazima watatu na kuwapiga uongo mchana kweupe!

Damu ilimchemka. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake, au yeye aliona kimekaa. Wifi amesoma kitabu, ameona ni kifupi, hakina ladha, kitakwisha upesi. Kikiisha, atarudi kwenye sindano. Kwa hiyo anabuni ya kwake isiyo na mwisho, anairefusha mpaka mabunda yakaguliwe. Anatamba na jasho la wenzake. Na atakayeondoka ni mke wa kaka yake, tena bila kugombana, bila hata kelele.

"Dada yangu mwongo?" mumewe alisema alipoambiwa. "Yule hajawahi hata kumdanganya mtoto kwamba sindano ya daktari haiumi."

"Sasa kajifunza ukubwani," alisema Mashaka. Akakata kauli kwamba atamuumbua, mbele ya meza nzima, ili kesho asije mtu akasema Mashaka kaanza tena mashaka yake.

Mtego wenyewe aliupanga vizuri. Aliomba kwa fundi kile kitabu cha maelekezo cha mashine ya kutoboa matundu ya vifungo, kikuukuu, chenye unene ule ule wa riwaya. Wifi alipotoka kwenda kunawa baada ya chakula, kitabu chake kikabaki mezani. Mashaka akakivua jalada la kitambaa, riwaya akaificha chini ya bunda lake, jalada akakivika kile cha mashine. Wenzake walikuwa mlangoni wakiota jua. Aliona kabisa itakavyokuwa: wifi atafungua, atakuta picha za pedali na skrubu, atashikwa na bumbuwazi, na yeye atauliza taratibu, "Vipi wifi, mbona kimya? Tusomee basi."

Wakakaa. Mama Pacha akatoa leso. Wifi akavuta kitabu, akakifungua, halafu akasita.

Akakiinua kidogo kuelekea usoni. Akakishusha. Bi Harusi akainua macho kutoka kwenye kifungo chake. Haya, umenaswa, aliwaza Mashaka.

Wifi akageuka kidogo upande wa Mashaka, akatazama kama anatazama bega lake. Kisha akainamia kitabu, akaweka kidole kwenye ukurasa, akaanza.

"Mjane hakuwasha taa," alisoma, kwa ile sauti yake. "Taa ingemwambia aliyemo stoo kwamba amejulikana. Alisimama mlangoni, akasikiliza. Unga una kimya chake. Hunyonya sauti zote. Lakini haukunyonya ile pumzi. Ndefu, halafu fupi, na katikati kikohozi kidogo kama mtu anayeomba radhi. Miaka yote ya ndoa alilala pembeni ya kikohozi kile. Mjane akasema, 'Chakula kipo mezani.' Na gizani mtu akaanza kulia."

Mama Pacha naye akaanza. Bi Harusi akasema, "Mungu wangu, yu hai!" na sindano ikamchoma.

Mashaka hakusikia ushindi wake, ingawa ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba marehemu hakufa. Alikuwa amejiinua nusu ya kiti, anaangalia ukurasa. Ukurasa ulikuwa na picha ya pedali, kubwa, imejaza nafasi yote, yenye mishale. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa maneno. Na kidole cha wifi kilikuwa kinatembea juu ya ile pedali, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kinashuka, kinaanza tena kushoto.

Kumbe haoni.

Yalimjia yote kwa mpigo. Mchele. Nguo iliyochanika. Macho yanayotazama sikio. Hadithi ambayo tangu sehemu ya pili ianze watu humo wanasikia tu na kunusa, hakuna hata mmoja aliyeona kitu kwa macho. Wifi hakukimbia sindano kwa uvivu. Sindano ndiyo iliyomkimbia, na akabaki na kitu kimoja cha kumweka pale mezani, sauti yake. Mashaka aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawa ya moto. Akasema moyoni, jioni nitakirudisha kitabu chake kimyakimya, na mtu asijue.

Mlango ukafunguliwa, akaingia msimamizi.

"Ndicho hicho kitabu kinachosemwa mpaka ukumbini?" alisema, akaja moja kwa moja. "Fundi ananiambia kibovu, ninyi mnakisifia. Hebu nione." Akanyoosha mkono.

Wifi alikishika kitabu kwa mikono yote miwili. Rangi ilimtoka usoni. Na Mashaka akaona kinachokuja kama anayeona gari likirudi nyuma bila dereva: msimamizi atafungua, atakuta pedali, atacheka, halafu hatacheka tena. Mtego alioutega kwa ajili ya wifi sasa unaelekea kumnasa kweli.

Akakinyakua. "Bado, bosi! Zamu yangu ya kusoma."

"Zamu yako?" alisema Mama Pacha. "Tangu lini?"

"Tangu sasa. Kaa usikilize!" Mashaka akakikumbatia kitabu kifuani wasione anachosoma, akakohoa. "Mjane... akafungua mlango. Mlango ukafunguka. Akaingia mtu."

"Mtu gani?" aliuliza Bi Harusi.

"Mtu. Mrefu. Yaani, mfupi kidogo. Akasema, 'Hamjambo.' Wakasema, 'Hatujambo.' Akasema, 'Habari za hapa.'"

"Na marehemu je? Si alikuwa analia stoo?"

"Akanyamaza," alisema Mashaka, jasho likimtiririka. "Akapiga mswaki, akalala."

Msimamizi alimtazama, akatazama wenzake. "Mnalia kwa ajili ya hicho? Fundi kasema kweli." Mkono akaurudisha mfukoni. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na Mashaka hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Nilikuja kwa jambo lingine," alisema msimamizi. Akavuta mabunda ya jana yaliyopangwa ukutani, akayatupa mezani, la kijani na la bluu. Akachomoa shati kwenye kila moja. "Huu ndio mshono. Kijani. Kivute kifungo hicho mpaka kesho. Na hili," akainua shati la bluu kwa ncha za vidole, "nyuzi zinaning'inia, hiki kimekaa upande. Sina haja ya kusubiri mwisho wa mwezi. Bluu ataondoka Ijumaa."

Mama Pacha akafungua mdomo. Mashaka alimpiga teke chini ya meza, la nguvu, mpaka akaufunga. Neno lenyewe lilikuwa pale ulimini: hayo ya kijani nimeshona mimi. Maneno machache tu, tena ya kweli, na kazi yake imepona. Huyu ni mtu aliyewahi kubishana na mwenye duka juu ya rangi ya ndizi. Akasema, "Sawa, bosi."

Bi Harusi alisema baadaye kwamba kusikia Mashaka akisema "sawa" kulimtisha kuliko stoo ya unga.

Wifi akasimama. "Mkubwa," alisema, "hayo ya kijani hakuyashona mwenye uzi wa kijani."

"Keti, wifi," alisema Mashaka.

"Kayashona huyo unayemwondoa. Yake anayashona akiwa amechoka kwa ajili yangu. Mimi macho yangu yamekwisha. Katikati pameziba, nimebakiwa na pembeni. Nikikutazama usoni sikuoni. Nikitazama ukuta, nakuona."

"Si uvae miwani?"

"Daktari amesema ugonjwa uko nyuma ya jicho, miwani haiufikii."

Msimamizi alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa pia wa kubeba mtu mgongoni. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungeniondoa."

"Na sasa nitakuondoa."

"Najua," alisema wifi. "Lakini mkono unaoshona uache hapo ulipo." Akapapasa mkoba wake chini ya kiti, akautia begani, akatoka, kiganja kikigusa ukuta wa korido. Hakumruhusu mtu kumsindikiza.

Msimamizi alipoondoka, Bi Harusi alichukua kile kitabu, akakifungua. Akageuza kurasa mbili tatu. Akampa Mama Pacha. Mashaka ikabidi aseme yote, mtego na fundi na sufuria iliyoungua, akilia waziwazi kwa mara ya kwanza mezani pale.

"Kwa hiyo ile hadithi," alisema Bi Harusi polepole, "pete, na mluzi, na kikohozi..."

"Ya kwake."

"Yote?"

"Yote."

Bi Harusi akarudisha kitabu mezani. "Nilisema mimi mwandishi amenoa kalamu," alisema.

Kesho yake walijaribu kusoma kile halisi. Mjane alipoteleza ngazini, Mama Pacha aliweka leso mfukoni na kusema wafunge, hiyo siyo yenyewe. Siku iliyofuata Mashaka alikuja na kitabu kile kile ndani ya jalada lake la kitambaa, akakifungua pale mezani, akaanza kusema jinsi mjane alivyomlisha marehemu gizani kwa kijiko. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na alirukaruka mambo, lakini hadithi ilikuwa yenyewe. Wenzake hawakuuliza ameitoa wapi. Walimshonea mashati yake, kwa uzi wa bluu, vizuri. Ikawa hivyo kila saa ya mwisho, na saa ya mwisho tu.

Siku moja fundi wa mashine aliingia kupaka mafuta mashine ya matundu iliyoko kona, akatega sikio, akakunja uso. "Samahani akina dada, lakini humo hakuna jirani wa mluzi. Mimi ninacho kitabu. Mjane alikufa ukurasa wa kwanza."

Mashaka alimtazama kutoka juu hadi chini. "Ulikinunua wapi hicho chako?"

"Dukani. Mjini."

"Ulikagua vizuri? Siku hizi wanatoa vya bandia."

"Vya bandia kabisa," alisema Bi Harusi bila kuinua macho.

"Pole sana," alisema Mama Pacha. "Wamekuibia."

Jioni ile Mashaka alipoingia uani, wifi alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake, kama kila jioni siku hizi. Alimjua Mashaka kwa mlio wa miguu, kabla hajasema kitu.

"Wamesemaje?" aliuliza. Salamu zilikuwa baadaye.

"Mama Pacha anasema mjane amsamehe. Bi Harusi anasema thubutu, mwanamume aliyejifanya amekufa akamwachia mkewe lawama, alale huko huko kwenye unga."

"Na wewe?"

"Mimi namshuku mjane. Amekuwa mpole mno."

Wifi alicheka. "Hapo sijafika. Sijui hata mimi. Nawasubiri ninyi mseme, ndiyo nijue kinachofuata."

Mashaka alikaa kwenye kizingiti pembeni yake. Alikuwa amelibeba neno hili tangu siku ile, na kila jioni lilikwama. "Wifi," alisema. "Siku ile, kile kitabu. Ni mimi niliyebadilisha. Nilitaka uaibike mbele ya watu."

"Najua."

"Unajua? Nani kakwambia? Bi Harusi?"

"Hakuna mtu. Nilipokifungua tu kilinuka grisi."

Mashaka alimgeukia. "Ulijua tangu pale? Sasa mbona uliendelea?"

"Mama Pacha alikuwa ameshatoa leso, ningemwachaje?" alisema wifi. "Na nilitaka kuona wifi yangu atafanya nini."

Kisha akageuza uso wake, akautazama ukuta, ili amwone vizuri.